Dawa ya Nguvu Nusu

3 Machi

Mdogo wangu Bi Kipimo,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Huku hatujambo. Mama magoti bado yanamsumbua, ila mdomo mzima kabisa. Jana kamfukuza mbuzi jikoni kwa matusi tu, bila fimbo. Wifi yako anakukumbusha ule mshono wa gauni uliomwahidi. Kitindamimba wangu ameng'oka meno ya mbele, na sasa akikutaja anasema "thangathi". Shemeji hajambo? Na wapwa zangu?

Simu huku ni pambo. Tangu mnara uanguke hajaja mtu hata kuutazama, kwa hiyo barua hii nampa dereva wa lori la maziwa, naye ataitia posta siku atakayojisikia. Ukijibu usichelewe, maana barua za njia hii hulala kuliko mlevi.

Haya, lililonifanya niandike. Unajua ushirika wetu ulileta ndama wa maziwa, kila nyumba mmoja. Watu wameng'oa mahindi wakapanda majani ya malisho. Mimi ndiye bwana mifugo wao, na nilisimama mkutanoni nikasema kwa kinywa changu: hawa ndama nitawalea mpaka wazae. Sasa kuhara kumeingia. Ndama anatoa maji meupe asubuhi, jioni macho yamezama, kesho yake unamburuta.

Stoo nina katoni za jentamaisini, ile dawa ya sindano. Nimeitumia miaka na haijawahi kuniangusha. Wiki iliyopita likaja tangazo: dawa ya toleo nililo nalo isitumike, imeshindwa kipimo. Basi. Imeshindwa vipi, hawasemi. Nyingine inakuja lini, hawasemi.

Nikajisemea, kipimo kinafanyika wapi kama si maabara kwa mdogo wangu? Niambie wewe, kwa lugha ya nyumbani. Dawa hii ni sumu, au imelegea tu? Maana hizo ni habari mbili. Huku watu wananiangalia mikono, na mimi naangalia huko kwako.

Kaka yako,
Daktari wa ng'ombe asiye na cheti cha kutundika


24 Machi

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Na Mama umfikishie shikamoo yangu, umwambie dawa ya magoti nimeinunua, natafuta mtu wa kumpa aje nayo. Shemeji yako yupo, kikohozi kimemwacha. Wapwa zako wako shuleni, mkubwa amekuwa mrefu hadi suruali zinamcheka. Gauni la wifi nimeshalikata, bado kushona. Mwambie asinisute.

Sasa swali lako. Kazi yetu ni ya jikoni tu, usione watu wamevaa makoti meupe. Tunapika uji. Ndivyo tunavyouita wenyewe: unga maalumu unaochemshwa, ukamiminwa kwenye visahani vya kioo, ukaganda. Ni chakula cha vijidudu. Tunawapanda humo, tunatoboa vishimo, tunatia dawa. Kesho yake uji wote umefunikwa na ukungu wa vijidudu, isipokuwa pale kuzunguka kishimo, dawa ilipowazuia. Panabaki duara safi. Duara kubwa, dawa ina nguvu. Duara dogo, dawa imelegea. Tunalinganisha na dawa ya mfano, ambayo nguvu yake inajulikana.

Dawa yako nimeipima mimi, kwa mikono yangu, na nikairudia. Maduara yalitoka madogo yote. Si sumu, kaka. Imelegea tu. Nguvu yake ni kama nusu ya ile iliyoandikwa kwenye chupa. Hilo nakwambia kama ndugu, usilitangaze. Na usiitumie. Subiri toleo jipya, wamesema haliko mbali.

Kwetu huku hakuna jipya kubwa, ila mwezi uliopita tumeletewa unga mwingine wa uji, na mpishi wetu anausifu kama bibi harusi. Hauna mabonge, unaganda upesi, mweupe. Ule wa zamani ulikuwa na rangi ya maji ya mtaroni.

Ndama wapone. Nawaombea kila siku.

Mdogo wako


16 Aprili

Bi Kipimo,

Barua imefika, imekunjamana na inanuka maziwa. Nimemsomea Mama yote kwa sauti, kama kawaida, maana nikiruka hata mstari mmoja anajua. Amecheka mpaka magoti yamepona kwa dakika mbili. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Kumbe nyie mnamuuliza kijidudu! Sasa anawatangazia majirani kwamba bintiye amesoma miaka yote hiyo akaishia kuwapikia vijidudu. Lakini ukimtazama usoni anavyosema, unaona fahari.

Sisi wazima. Wifi yako amesema gauni likichelewa sana litamkuta mzee.

Unasema nisubiri. Fimbo ya mbali haiui nyoka, mdogo wangu. Ndama wa mjane wa fundi cherehani alikuwa hawezi tena kunyanyua shingo, na yule mama amesimama mlangoni kwangu, kamba ya ndama mkononi. Ningemwambia nini? Toleo jipya haliko mbali? Nikarudi ndani, nikaisoma tena barua yako, nikapiga hesabu yangu. Hesabu nimeipata kwako. Zaidi ya hapo usiniulize.

Ila nikupe furaha. Siku ya tatu kuhara kumekata! Ndama amesimama mwenyewe, ananyonya kidole changu kwa nguvu hadi nikapiga kelele. Mjane amenishika mikono yote miwili. Na wengine nimeshawaanza, nyumba baada ya nyumba, tena kwa wiki nzima, nisiache ugonjwa ukachungulia tena. Ni mmoja tu aliyenikatalia, fundi baiskeli, kichwa ngumu tangu tuko shule. Anasema ndama wake hachomwi na dawa iliyokataliwa, atamnywesha maji ya chumvi na sukari. Nikamwambia utamzika.

Watu wananishukuru. Nikawaambia msinishukuru mimi, mimi nina mdogo wangu maabara. Yule akisema nusu, ni nusu.

Kaka yako mwenye raha leo


10 Mei

Kaka,

Shikamoo. Natumaini Mama hajambo, na wifi, na watoto. Hapa hatujambo. Shemeji yako anakusalimu. Gauni limebaki vifungo.

Nimefurahi ndama wamesimama. Lakini furaha haikudumu. Kuna sentensi moja nimeirudia mpaka karatasi imelegea: hesabu nimeipata kwako. Hesabu gani, kaka? Uliwachoma kiasi kilichoandikwa kwenye chupa, au zaidi? Nijibu hilo tu, mengine acha. Na kabla hujanijibu, usimchome yeyote zaidi ya kilichoandikwa. Nakuomba.

Usiulize kwa nini. Kazini mambo hayaeleweki eleweki. Dawa za aina hiyo zinashindwa zote, za kiwanda hiki na za kile, moja baada ya nyingine. Mkuu wetu, tunayemwita Miwani, anasema viwanda vimejaa wezi siku hizi. Huenda ni kweli. Sipendi kusema jambo nisilolijua, wewe unanifahamu. Nikijua nitasema.

Nijibu haraka.

Mdogo wako


22 Mei

Mdogo wangu,

Sijapata neno kwako tangu ile barua ya uji. Mvua imebeba daraja, na lori la maziwa linazunguka mbali huko, linafika likitaka. Hii nampa mtu anayevuka kwa miguu. Mama hajambo. Wifi yako hajambo. Nimeshasalimu, sasa unisikilize.

Ndama wanakufa.

Si kwa kuhara. Kuhara kulikata, nilikwambia, na mimi si mwongo. Walikaa vizuri siku kadhaa, kisha wakaacha kula. Wanalegea miguu ya nyuma, wanalala, hawakojoi. Ukimsogelea ndama puani, pumzi yake inanuka mkojo. Miaka yote hii ya kuwashika ng'ombe sijanusa kitu kama kile. Wa mjane alitangulia. Amekufa kichwa kikiwa mapajani kwangu, na yule mama amesimama tena mlangoni, safari hii mlango wake mwenyewe.

Nakwambia nilichofanya, ili unisaidie kuona. Wewe ulisema nguvu nusu. Mimi nikachoma mara mbili, ili ifike nzima. Nusu na nusu ni nzima, au siku hizi hesabu zimebadilika? Walipoanza kulegea nikafikiri, ala, stoo ile ina joto, pengine hata hiyo nusu imeendelea kushuka. Nikaongeza tena kidogo. Nilitaka wapone, mdogo wangu. Nilikuwa nahema nikichoma.

Juzi kitindamimba amenikuta nachimba nyuma ya boma. Ndama wetu mwenyewe amekufa, yule ambaye mtoto alimwita "mwalimu", sijui kwa nini. Kaenda kumwaga maji ya ndama, karudisha ndoo mahali pake.

Ni ugonjwa gani huu? Wewe una vitabu, una watu wa kuuliza. Au dawa ile ilikuwa na sumu na mmetuficha? Niambie. Hata kama ni siri ya serikali niambie, nimebakiwa na ndama wanane hai, na watatu kati yao wameanza kulala.

Kaka yako


9 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Sijui hata naanzaje. Hapa sote wazima.

Acha sindano. Kabla hujasoma mstari mwingine, acha. Usimchome ndama hata tone moja. Wape maji mengi, ya chumvi na sukari kidogo, kila saa, wakikataa wanyweshe kwa chupa. Figo zao ndizo zilizoungua. Dawa ile ikizidi, inaunguza figo, na ndama aliyekauka kwa kuhara ndiye wa kwanza.

Dawa yako haikuwa na sumu. Haikuwa nusu pia. Ilikuwa nzima, kaka. Nguvu yote iliyoandikwa kwenye chupa ilikuwa ndani ya chupa.

Sasa nikueleze, na usinionee huruma. Sheria inasema dawa ya mfano na dawa inayopimwa zikae sahani moja, uji mmoja. Lakini dawa ya mfano huja kwenye kichupa kama cha wanja, na kikiisha tunakaa miezi bila. Kwa hiyo sisi hapa tumezoea kuibania. Tunaipima mara moja mwanzo wa mwaka, tunachora mstari, tunaubandika ukutani, na dawa zote za mwaka huo tunazilinganisha na ule mstari. Nilifundishwa hivyo, na waliokuja nyuma yangu nimewafundisha mimi. Mwaka huu mstari tuliuchora kwa uji wa zamani. Halafu ukaja unga mpya. Dawa yako niliipima kwenye uji mpya, nikailinganisha na mstari wa uji wa zamani.

Ule unga mweupe tuliousifu umejaa chumvi za madini, za magnesiamu na kalsiamu, kuliko ule wa kwanza. Chumvi hizo zinaiziba dawa ya aina hii isimwingie kijidudu. Kijidudu anakula uji, anashiba, anaikaribia dawa bila wasiwasi. Duara linakuwa dogo. Mimi nikaona duara dogo, nikaandika dawa imelegea. Uliolegea ni uji. Kwenye mwili wa ndama hakuna uji wetu, kaka, mle dawa ilifanya kazi yake yote, na ulipoizidisha ikafanya mara mbili.

Nimejuaje? Wiki iliyopita tumeletewa kichupa kipya cha dawa ya mfano. Nikakuta unga wa zamani umebaki chini ya mkebe, nikapika sahani mbili, uji wa zamani na uji mpya, nikatia tone lile lile la dawa ya mfano. Kwenye wa zamani duara kubwa. Kwenye mpya duara dogo, lile lile nililoliona Februari. Dawa ya mfano yenyewe, ile tunayoiapia! Nilikaa chini sakafuni. Mpishi akaniletea maji akidhani nimezidiwa na joto.

Nikampelekea Miwani. Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akasema, "Tulikwishatangaza." Nikamwambia tutangaze tena. Akasema, "Ukitangaza mara mbili, nani atakuamini ya tatu?" Nikamwambia kuna ndama wanakufa. Akaniuliza ndama wa nani. Nikashindwa kumjibu kwamba ni wa kaka yangu, na kwamba nilikupa ile namba kinyume cha sheria. Sasa nimeandika ngazi ya juu yake, na wewe kaka nimekutaja. Watalifuta tangazo. Na mimi watanifanya watakavyo.

Mei nilikuwa nimeshaanza kushuku. Ningekuandikia neno moja tu, "nashuku", ungeliweka chini bomba la sindano. Nilitaka kwanza niwe na uhakika. Sasa ninao, na sijui niufanyie nini.

Nisamehe. Najua hilo neno halinyweshi ndama.

Mdogo wako


2 Julai

Barua zako mbili zimefika siku moja, kwenye mfuko mmoja, lori limetokea upande wa pili. Ya Juni ilikuwa juu, nikaanza nayo. Ya Mei nimeisoma baadaye. Umeniomba vizuri sana mle ndani nisizidishe.

Mama alivuta kigoda karibu, akaniambia haya, soma. Nimemsomea salamu. Nikamwambia gauni limebaki vifungo. Kisha nikakunja. Kwa mara ya kwanza tangu uondoke nyumbani hakuniambia niendelee.

Ndama waliobaki ni wanne. Watatu nilikuwa sijawafikia kwa sindano, na mmoja ni wa fundi baiskeli. Ananenepa. Fundi akiniona anageuza uso, si kwa kiburi, anaona haya kwa niaba yangu. Afadhali angenicheka.

Nimeitisha mkutano nikawaambia. Sikukutaja. Nilisema nilidhani dawa ni dhaifu, nikazidisha. Mjane wa fundi cherehani ndiye aliyeuliza, tena kwa upole, "Kwani kwenye chupa hapakuandikwa kiasi?" Nikasema paliandikwa. Akasema, "Na wewe kusoma unajua." Nikasema najua. Akafunga kanga yake vizuri akaenda zake, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Majani ya malisho yamerefuka mpaka kiunoni, hayana wa kuyala, na msimu wa mahindi umeshapita. Watoto watakula nini mwaka huu sijui. Nilipita kati ya majani yale nikalia kama mtoto, ndiyo nakwambia, kwa sababu hapa hakuna ninayeweza kumwambia.

Tangazo la kuifungulia dawa limefika, lina muhuri, limeandikwa vizuri. Juzi jirani akaja mbio, ng'ombe wake amevimba kiwele, ana homa, anatetemeka. Dawa ninayo, ile ile, nzima kama unavyosema. Nikavuta kiasi cha kwenye chupa. Nikatazama bomba. Nikakumbuka nusu. Nikakumbuka nzima. Nikajiuliza na hiki cha kwenye chupa walikipima kwa uji gani. Mkono ukakataa, mdogo wangu. Nikamwambia jirani akatafute bwana mifugo mwingine, naye akaniuliza, "Mwingine yupi?" Ng'ombe amekufa jana asubuhi. Safari hii sikuzidisha.

Wifi yako anasema gauni ulitume, usililete mwenyewe kwa sasa. Mimi ndiye niliyemtuma aseme hivyo. Si chuki, na usilie. Nimekupenda tangu unatambaa, na nakupenda hata leo nikiandika haya. Lakini wewe ndiye mtu pekee duniani niliyekuwa simhakiki. Umeniandikia kwamba huko nyote wazima. Nimeusoma huo mstari mara nyingi, nimekaa nao, na kila nikiusoma najiuliza umepima kwa kitu gani.

Kaka yako